Lehemu, Mafuta au Kolesteroli: Kuwafafanulia Afya ya Moyo Vijana Wanaotumia Dawa za VVU katika Mji wa Gisenyi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo kati ya virusi vya UKIMWI, dawa za kuvifubaza, kolesteroli na afya ya moyo kwa vijana, na yanachunguza namna uhusiano huo unavyoweza kuelezwa kwa Kiswahili katika mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, ambako Kiswahili Sanifu kinakutana kila siku na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili cha Kongo. Hoja inayojengwa ni kwamba istilahi mbovu katika uwanja huu haiishii kuwa kosa la lugha. Kijana anayeambiwa kuwa dawa zake "zinaleta mafuta kwenye moyo" anaweza kuziacha, na kuziacha ndiko kunakouweka moyo huo katika hatari kubwa zaidi. Makala yanapima maneno yaliyopo, yanaonyesha yanapoteleza, na yanapendekeza namna ya kusema ambayo mshauri nasaha wa mpakani anaweza kuitumia bila kamusi mkononi.

Utangulizi

Gisenyi na Goma ni miji miwili iliyogawanywa na mstari wa mpaka na kuunganishwa na karibu kila kitu kingine. Katika miaka ya utulivu makumi ya maelfu ya watu huvuka kwa siku moja katika kizuizi kinachojulikana na wote kwa jina la Petite Barrière, wakiwa na nyanya, maziwa, kuku, vitenge na sambaza. Lugha ya mavuko hayo ni Kiswahili. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza, lakini katika Gisenyi hakikusubiri sheria: kilikuwa tayari lugha ya soko, ya msikiti, ya gereji na ya mtumbwi. Kinachosikika hapo si kimoja. Mwanafunzi anayesoma Kiswahili shuleni husoma kile cha vitabu vya Dar es Salaam na Nairobi, na akitoka nje ya darasa anasikia kile cha Goma, chenye munganga, mawese na SIDA.

Ndani ya mazingira hayo kuna vijana wanaoishi na VVU. Utafiti wa kitaifa wa RPHIA wa 2018 na 2019 ulikuta kiwango cha maambukizi kwa watu wa miaka 15 hadi 64 nchini Rwanda kuwa takriban asilimia 3, na kwamba wengi mno kati ya waliojua hali yao walikuwa wakitumia dawa. Tangu Julai 2016 nchi inafuata sera ya kumpa dawa kila aliyepimwa na kukutwa na virusi, bila kusubiri kinga ishuke. Matokeo yake ni kizazi ambacho hakikuwapo miaka 30 iliyopita: vijana waliozaliwa na virusi, wakakua, wakasoma, wakaanza kazi, na wengine sasa ni wazazi. Aliyezaliwa mwaka 2003, wakati matibabu ya umma yalipokuwa ndiyo kwanza yanaanza kupanuka, ana zaidi ya miaka 20 leo. Swali lililoulizwa juu yake alipokuwa mtoto lilikuwa kama ataishi. Swali la sasa ni ataishi na moyo wa namna gani atakapofika miaka 50, na swali hilo linahitaji maneno.

Kolesteroli na kazi yake

Kolesteroli ni kitu kinachofanana na nta, cha jamii ya mafuta, ambacho mwili hauwezi kuishi bila yake. Hujenga kuta za seli, na kutokana nayo mwili hutengeneza homoni kadhaa, vitamini D na nyongo. Jina lenyewe limetokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya nyongo na kitu kigumu, kwa sababu wanasayansi wa Ufaransa waliiona kwanza katika vijiwe vya kifuko cha nyongo. Sehemu kubwa ya kolesteroli hutengenezwa na ini la mtu mwenyewe. Kiasi kinachobaki huletwa na chakula kinachotokana na wanyama.

Hapo pana jambo la kusisitiza, kwa kuwa mazungumzo mengi ya kliniki hulipita haraka. Kolesteroli haiogelei peke yake katika damu. Damu ni maji, na nta haiyeyuki katika maji. Kwa hiyo hubebwa ndani ya vifurushi vya mafuta na protini viitwavyo lipoprotini. Aina moja, LDL, hutoa kolesteroli kwenye ini na kuisambaza mwilini. Aina nyingine, HDL, huokota iliyozidi na kuirudisha kwenye ini. LDL inapokuwa nyingi kwa miaka mingi, sehemu yake hupenya katika ukuta wa ateri, hunasa humo, huchokoza kinga ya mwili, na polepole hujenga utando mgumu unaouziba mshipa. Utando huo ukipasuka, damu huganda juu yake. Ikiwa ni katika mishipa inayoulisha moyo, msuli wa moyo hukosa hewa na kufa. Ikiwa ni katika ubongo, mtu hupata kiharusi.

Jambo hili halianzi uzeeni. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani Enos, Holmes na Beyer walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maiti 300 za askari waliouawa katika vita vya Korea, wenye umri wa wastani wa miaka 22. Zaidi ya robo tatu walikuwa na dalili za ugonjwa katika mishipa ya moyo. Walikuwa vijana waliopimwa wakaonekana wanafaa kwenda vitani. Mtu wa Gisenyi anayedhani kuwa moyo ni maradhi ya wazee wenye magari hana kosa la pekee. Hata madaktari wa wakati ule walishangaa.

Virusi, dawa na mishipa

VVU vyenyewe huudhuru moyo. Hata vinapofubazwa, huacha mwilini uvimbe mdogo wa kudumu ambao mgonjwa hauoni wala hausikii, lakini unaikwaruza ngozi ya ndani ya mishipa. Tathmini pana ya tafiti za nchi nyingi iliyochapishwa mwaka 2018 ilikadiria kuwa mtu anayeishi na VVU ana hatari ya maradhi ya moyo na mishipa takriban mara mbili ya asiye na virusi. Kabla ya dawa, virusi hushusha HDL na kupandisha trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu.

Dawa nazo hazifanani, na hapa ndipo usemi wa jumla wa "dawa za SIDA" unapoficha zaidi ya unavyoeleza. Stavudini, iliyotumiwa sana katika Afrika Mashariki miaka ya 2000, iliondoa mafuta usoni na miguuni, na wagonjwa wengi wakaona mafuta yakihamia tumboni. Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe kuanzia mwishoni mwa 2009. Efavirenzi hupandisha kolesteroli kwa kiasi. Vizuizi vya proteasi vinavyoongezwa nguvu kwa ritonaviri, kama lopinaviri ambayo kwa muda mrefu ilipendekezwa kwa watoto wadogo na kwa wale ambao dawa za mstari wa kwanza ziliwashinda, hupandisha LDL na trigliseridi kwa kiasi kikubwa zaidi, na utafiti mkubwa wa D:A:D uliochapishwa mwaka 2007 ulihusisha miaka ya kuzitumia na ongezeko la mshtuko wa moyo. Tenofoviri, kwa upande mwingine, huelekea kuishusha kolesteroli. Dolutegraviri, ambayo sasa ndiyo msingi wa kidonge kimoja cha kila siku kinachotumiwa na wengi, haiisumbui sana, ila majaribio ya Afrika Kusini na Kameruni yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa waliopewa dawa hiyo waliongezeka uzito kuliko wenzao waliopewa efavirenzi.

Kijana aliyezaliwa na virusi anaweza kuwa amepitia karibu historia hii yote katika mwili mmoja. Tofauti na mtu aliyeambukizwa akiwa na miaka 35, mishipa yake imekua ndani ya virusi na ndani ya dawa. Hata hivyo tafiti kubwa za kinga hazijamfikia. Jaribio la REPRIEVE, lililochapishwa mwaka 2023 na kuwahusisha watu 7,769 wanaoishi na VVU katika nchi 12, Uganda ikiwemo, lilionyesha kuwa pitavastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, ilipunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 35. Walioshiriki walikuwa na miaka 40 hadi 75. Kwa mwenye miaka 19 jibu la kidonge bado halijapatikana, na kwa hiyo kinachobaki mikononi mwa mhudumu ni kupima, kuchagua dawa ya VVU inayofaa, na kuzungumza.

Na katika kuzungumza kuna mpaka mmoja usiovukwa. Mwaka 2006 utafiti wa SMART, uliowahusisha watu 5,472 katika nchi 33, ulilinganisha wale waliotumia dawa mfululizo na wale waliozisimamisha kila kinga ilipopanda. Ilitarajiwa kwamba kupumzika kungeuepusha mwili na madhara ya dawa, ya moyo yakiwemo. Ikawa kinyume: waliosimamisha walikufa zaidi na wakapata maradhi ya moyo zaidi. Sentensi yoyote ya Kiswahili inayomfanya kijana aone dawa kuwa adui wa moyo wake ni sentensi isiyo ya kweli, hata kama kila neno lililomo limo katika kamusi.

Lehemu na wenzake

Kiswahili cha Tanzania kina neno kwa ajili ya kolesteroli, nalo ni lehemu. Limo katika kamusi za Kiingereza na Kiswahili na katika kurasa za afya za magazeti. Ni neno lenye asili ya Kiarabu ambalo kwa fundi wa bati lina maana nyingine ya zamani: madini yanayoyeyushwa ili kuunga vipande au kuziba tundu. Waliolichagua waliona picha nzuri, kitu kinachoyeyuka kikaganda na kushika. Kwa mtu wa Tanga aliyewahi kumwona fundi akilehemu sufuria, picha hiyo inafanya kazi.

Gisenyi haifanyi kazi hiyo. Kazi ya kuunga vyuma huko huitwa kwa kitenzi cha Kinyarwanda gusudira, kilichotokana na Kifaransa, na lehemu halifahamiki kwa maana yoyote kati ya zile mbili. Kulileta kliniki ni kumpa mgonjwa mizigo miwili, neno geni na jambo geni, akiwa ameketi mbele ya mtu mwenye koti jeupe. Zaidi ya hayo karatasi ya maabara haitasema lehemu. Itasema kolesteroli, kwa tahajia ya Kifaransa au ya Kiingereza, na mgonjwa anahitaji kulitambua neno hilo kwa sikio kabla ya kulitambua kwa jicho.

Njia inayochukuliwa na wengi ni neno mafuta: "Una mafuta mengi katika damu." Kinyarwanda nacho husema ibinure, na tafsiri inakuja yenyewe. Tatizo ni kwamba mafuta katika Kiswahili ni neno lenye familia kubwa. Ni ya kupikia, ya kujipaka, ya gari, na ya mwilini. Kijana mwembamba akiambiwa ana mafuta katika damu hujitazama na kukataa, kwa kuwa mafuta anayoyajua huonekana kiunoni. Mwingine hukubali upesi mno, huacha kabisa mafuta ya kupikia, na kuendelea na mengine yote. Wa tatu husoma kwenye chupa dukani kwamba mafuta ya mimea hayana kolesteroli na hutulia. Maandishi hayo ni ya kweli, na yanapotosha. Mawese, ambayo ni roho ya isombe pande zote mbili za mpaka, hayana kolesteroli hata chembe, lakini karibu nusu yake ni mafuta ya aina inayolichochea ini kuacha LDL nyingi katika damu. Neno mafuta haliwezi kueleza hilo, kwa sababu sentensi ingekuwa "mafuta haya hayana mafuta lakini yanaleta mafuta".

Kwa hiyo inapendekezwa hapa kwamba, kwa matumizi ya Rubavu, kolesteroli libaki jina la kitu kilichomo katika damu, na mafuta libaki jina la kile kilichomo katika sufuria. Utengano huo ni mdogo lakini unazaa uhuru mkubwa wa kusema. Mshauri anaweza kutamka, bila kujipinga, kuwa mafuta fulani hupandisha kolesteroli na mengine hayapandishi. Lehemu lisitupwe, lifundishwe shuleni kama kisawe, ili anayesoma gazeti la Dar es Salaam asipotee. Wapo watakaoona kwamba kupendelea neno la mkopo ni kukivunjia Kiswahili heshima. Ikumbukwe kuwa lehemu lenyewe liliwahi kuwa la mkopo.

Nzuri na mbaya ni jambo jingine. Katika lugha karibu zote LDL huitwa kolesteroli mbaya na HDL kolesteroli nzuri. Kwa msikilizaji wa kawaida hilo halina madhara. Kwa kijana anayeishi na VVU, ambaye tangu utoto amesikia damu yake ikitajwa kwa sauti ya chini, na ambaye Kinyarwanda kinamfundisha neno akato kwa ajili ya ubaguzi anaoweza kukutana nao, kuambiwa tena kuwa kuna kitu kibaya katika damu hiyo si habari ya kitabibu peke yake. Maneno yanayotaja kazi badala ya tabia yangefaa zaidi: kolesteroli inayopelekwa na kolesteroli inayorudishwa.

Mshipa, moyo na mshtuko

Neno mshipa limebeba mengi kuliko linavyoweza. Kiswahili hulitumia kwa njia ya damu, kwa neva, na katika matumizi ya zamani kwa ngiri. Umutsi wa Kinyarwanda una tabia ileile. Mtu akiambiwa mishipa yake inaziba anaweza kufikiria maumivu ya mgongo yanayoshuka mguuni. Mshipa wa damu ni maneno matatu badala ya moja, na nyongeza hiyo haina gharama.

Moyo ni mgumu zaidi. Umutima wa Kinyarwanda, kama moyo wa Kiswahili, ni kiungo na ni makao ya hisia; dhamiri huitwa umutimanama. Mtu huvunjika moyo, hupoteza moyo, hutiwa moyo. Katika nchi iliyopitia mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi, na katika mji uliopokea umati wa watu waliokimbia Nyiragongo mwaka 2002 na tena Mei 2021, anayesema moyo unamuuma huenda hazungumzii kifua. Mhudumu hana budi kuuliza mara mbili. Kuhusu mshtuko wa moyo, istilahi hii sanifu inamwelekeza msikilizaji kwenye woga, kana kwamba moyo husimama kwa kustushwa na habari mbaya. Kijana anayeamini hivyo ataogopa majibu ya kipimo kuliko anavyoogopa sigara. Kusema kwamba mshipa unaoulisha moyo umeziba ni kurefusha, lakini kunaonyesha mahali tatizo lilipo.

(Wageni kutoka pwani nao wana lao la kujifunza. Muganga wa Kinyarwanda na munganga wa Goma ni daktari wa hospitali. Anayesoma tafsiri hiyo Mombasa huona hirizi.)

Unene kama habari njema

Katika miaka ya 1980 Waganda waliuita UKIMWI silimu, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, na madaktari wakalipeleka jina hilo katika majarida ya kitabibu. Kukonda kukawa ushahidi ambao mtaa mzima uliusoma bila kipimo. Kwa hiyo dawa zilipofika, kunenepa kukawa ushahidi wa upande wa pili. Kiswahili kinasema mtu amenawiri. Kinyarwanda kina kubyibuha, kitenzi ambacho katika salamu nyingi ni sifa. Kwa mtu aliyewahi kukonda, kila kilo ilikuwa jibu kwa majirani.

Sasa mhudumu anatakiwa kumwambia kijana huyohuyo, au mama yake, kwamba kilo zimetosha. Kimantiki ujumbe ni mwepesi. Kijamii ni mzito mno, kwa sababu unamtaka aisogelee tena ishara aliyoikimbia. Maonyo ya jumla ya kupunguza uzito, yanayonakiliwa kutoka mabango ya nchi ambazo hazikuwahi kuwa na silimu, hayatambui historia hii. Yafaa zaidi kuzungumzia kiuno kuliko uzito, na nguvu kuliko unene. Rwanda ina ushahidi wake: mtafiti Eugene Mutimura na wenzake walichapisha mwaka 2008 matokeo ya jaribio la mazoezi ya miezi 6 kwa watu wazima waliokuwa wakitumia dawa na ambao mafuta ya miili yao yalikuwa yamehama. Waliofanya mazoezi walipungua kiuno, na kolesteroli yao ikashuka. Hakuna aliyeambiwa akonde.

Gisenyi ina mteremko, ufuo wa Kivu na barabara ya kwenda Rubona. Mahali pa kutembea si tatizo la kwanza. Sambaza, samaki wadogo walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ni chakula chema kwa moyo, ingawa hupikwa mara nyingi kwa kuzamishwa katika mafuta yaliyokwisha kuchemshwa mara kadhaa. Maharage, dodo na viazi vilivyochemshwa vipo na si ghali. Sigara ndiyo inayostahili neno kali kuliko vyakula vyote hivyo kwa pamoja.

Chukudu katika barabara ya mawe

Kila mtu wa Gisenyi amewahi kuona chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili ambalo vijana wa Goma hulipakia viazi, makaa na magunia na kulisukuma hadi mteremko uanze, kisha hulipanda. Picha hii inaweza kubeba maelezo yote ya kolesteroli kwa uaminifu wa kutosha. Ini ni ghala. LDL ni chukudu zinazotoka ghalani na mizigo, HDL ni zile zinazorudi na mizigo iliyobaki. Barabara ikiwa laini na chukudu zikiwa za kiasi, mizigo hufika. Zikizidi, magunia huanguka kando ya njia na kurundikana. Na barabara ikiwa imechimbika, magunia huanguka hata chukudu zikiwa chache.

Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo yenye thamani, maana inaeleza kile ambacho neno mafuta haliwezi: kwa nini kijana mwenye VVU anaweza kuhitaji uangalizi hata kama namba zake si kubwa. Virusi ndivyo vinavyochimba barabara. Dawa huzuia uchimbaji, ingawa baadhi yake huongeza chukudu kidogo. Anayesimamisha dawa ili kupunguza chukudu huwaachia wachimbaji njia yote. Picha ina mwisho wake, kama picha zote: utando wa mshipa haukai kando ya njia bali ndani ya ukuta wake, na hauondolewi kwa kufagia. Mshauri na aseme hivyo pia, asije akauza chai za kusafisha mishipa bila kukusudia.

Namba za karatasi

Tatizo la mwisho ni la tarakimu, na linastahili nafasi kwa sababu mpakani ni hatari halisi. Kolesteroli hupimwa kwa vipimo vitatu. Karatasi moja inaweza kuandika miligramu 170 kwa desilita, nyingine gramu 1.7 kwa lita kwa desturi ya Kifaransa, nyingine milimoli 4.4 kwa lita. Ni kiasi kilekile. Kijana aliyepimwa upande mmoja wa kizuizi na kupimwa tena upande wa pili anaweza kuamini kuwa ameshuka kutoka 170 hadi 4.4 na kusherehekea uponyaji. Zaidi ya hayo, mpaka wa usalama wa vijana si ule wa watu wazima: kwa walio chini ya miaka 20 jumla inayokubalika ni chini ya 170, ilhali kwa watu wazima hutajwa 200. Mhudumu akisoma karatasi ya msichana wa miaka 16 kwa macho ya mtu mzima, 190 itapita bila neno.

Jambo moja la dawa huambatana na karatasi hiyo. Baadhi ya dawa za kushusha kolesteroli, simvastatini ikiwa mfano, hazichanganywi kamwe na ritonaviri, kwa sababu ritonaviri huzuia ini kuivunja na kiwango chake hupanda hadi kudhuru misuli. Katika mji ambao duka la dawa la nchi jirani liko umbali wa kutembea kwa miguu, kijana afahamu kuwa anaponunua dawa yoyote hana budi kuitaja ile anayoitumia kila siku, na kwamba kutotaja kwa sababu ya aibu kunaweza kumgharimu zaidi ya aibu.

Mfano wa maneno

Sera za afya za Rwanda zinategemea sana abajyanama b'ubuzima, washauri wa afya wa vijijini waliochaguliwa na majirani wao, na washauri nasaha wa vituo vya afya. Si wote wanaohitaji makala. Wanahitaji dakika tatu za maneno yanayosimama. Haya yafuatayo yanajaribiwa kama kielelezo, yakielekezwa na mwanamke wa makamo kwa kijana wa miaka 18 anayekijua Kiswahili cha mji:

"Mwanangu, dawa zako zinafanya kazi, virusi vimelala. Endelea hivyohivyo, usikose hata siku moja. Leo tumepima pia kolesteroli. Si ugonjwa, kila mtu anayo, ini lako ndilo linaloitengeneza. Yako imepanda kidogo. Ikikaa juu miaka mingi inaziba mishipa ya damu inayoulisha moyo, na ndiyo maana tunaanza kuitazama sasa ukiwa kijana. Muganga ataangalia kama kuna dawa ya VVU inayokufaa zaidi. Ni yeye anayebadilisha, si wewe, wala si rafiki yako. Wewe tuachie mambo matatu: sigara hapana, mawese na vya kukaanga visiwe vya kila siku, na utembee. Sikuambii ukonde. Baada ya miezi michache tutapima tena hapahapa, ili namba zisituchanganye."

Katika maneno hayo lehemu halimo, mafuta hayamo katika damu, wala hakuna kitu kibaya ndani ya kijana. Dawa zimetajwa mwanzo kwa kusifiwa, na zinapotajwa tena ni kwa kubadilishwa na mwenye mamlaka ya kuzibadilisha. "Virusi vimelala" linafanana na kufubaza kuliko kupunguza makali, usemi ambao Kiswahili cha Kenya na Kinyarwanda, kwa igabanya ubukana, vinaupenda kwa pamoja. Makali hupungua na yanaweza kunolewa upya bila mtu kufanya lolote. Kilicholala huamka pale tu kinapoamshwa, na kijana anajua ni nani anayeshika kengele.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ndiyo yenye wajibu wa kusawazisha istilahi za kanda, na Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya tangu 2022. Orodha ya istilahi za moyo na VVU itakapoandaliwa, inafaa ijaribiwe Petite Barrière kabla ya kupigwa chapa, kwa kumwuliza mpita njia mwenye kikapu kichwani ameelewa nini.